Saa ya Mwenye Korona

Jani la mkonge likiwa bado kwenye mmea wake halina haraka na mtu. Jua la Februari litaliwakia, masika yatakawia, mbuzi watapita bila kulionja, nalo limekaa tu na mwiba wake. Ukichelewa kulikata mwezi mmoja hujapoteza kitu cha kukukosesha usingizi. Mambo hubadilika siku mkataji anapolipitishia kisu. Lisipofika korona ndani ya siku mbili hivi linanyauka, utomvu unakaukia ndani, na nyuzi zinatoka na madoa au hazitoki kabisa. Tangu dakika ile mkulima hana zao tena, ana mzigo unaoharibika. Mwenye mashine analijua hilo kuliko hata mkulima mwenyewe.

Korona, kwa msomaji asiye wa huku kwetu Tanga, ni kiwanda kinachokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake. Jina ni la mashine za enzi ya Mjerumani. Watu wa Hale na Ngombezi walikuwa na korona yao miongo mingi kabla dunia haijavaa barakoa.

Mkoa wa Tanga una wilaya nane, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,615,597. Wengi wao wanaishi kwa jembe, kwa ng'ombe au kwa wavu. Kila mwaka tunasikia hotuba zinazohesabu hekta zilizopandwa na miche iliyogawiwa. Hotuba hizo hazina uongo, ila zinahesabu upande ambao haujawahi kutushinda. Kulima tunajua. Ukitoka Pangani ukapanda mpaka Mtae umepita minazi, mkonge, michungwa, mikarafuu, iliki, chai, kabichi na matofaa, mambo ambayo mikoa mingine inayaona sokoni tu. Kinachotushinda ni zile saa baina ya zao kutoka shambani na zao kupata mahali pa kulala. Aliyezishika saa hizo ndiye anayepanga bei, na mara nyingi mno mtu huyo si mkulima.

Tuanze na mkonge wenyewe, maana ndio uliotuchora. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka mjini Tanga kwenda bara. Ikapita Muheza, ikafika Korogwe, Mombo, na mwaka 1911 ikagota Moshi. Wengi husimulia habari hizi mbili kama visa viwili. Mimi naona ni kisa kimoja. Mashamba makubwa yaliota kandokando ya reli kama uyoga kandokando ya gogo, na ndani ya kila shamba kulitandikwa vireli vyembamba vya troli ili jani likatwe asubuhi na lifike korona kabla halijanyauka. Mwenye shamba alikuwa na konde, troli, korona, chumba cha brashi na mashine ya kufunga marobota. Saa yote, tangu kisu mpaka melini, ilikuwa mfukoni mwake.

Kitu pekee alichokikosa ni watu. Ndipo wakaja manamba, kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji, wakiitwa kwa namba zao kama jina lenyewe linavyosema. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuwaajiri kwa pamoja, SILABU, ambacho wazee bado wanakitaja kwa jina hilohilo. Kazi ilipimwa kwa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na kwa matita, majani 30 kila tita. Wajukuu wao ndio Watanga wa leo, Wamakonde wa Muheza na Waha wa Korogwe, na ukiwauliza babu zao walilipwa nini watakuambia habari ya kipande kabla ya habari ya fedha.

Uhuru ulipokuja mkonge ndio ulioongoza kuiingizia nchi fedha za kigeni. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa karibu tani 230,000, na hakuna nchi iliyotushinda. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka; mwaka 1967 likaja Azimio, na Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Sitaki kuyarudia mabishano ya nani aliyeuua mkonge, Azimio au plastiki. Nimeyasikia kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani tangu nikiwa mtoto wa kutumwa kashata, na kila upande una hoja, na kahawa inapoa bila mshindi. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba wamiliki wamepita watatu, mlowezi, kisha shirika la umma, kisha kampuni binafsi katika miaka ya 1990, na mara zote tatu korona ilikuwa na bwana mmoja. Aliyekata jani alibaki upande uleule wa mlango.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 likaja wazo jipya, na nalipa sifa yake. Familia ziligawiwa vipande ndani ya mashamba ya zamani, Hale, Ngombezi, Magoma na kwingineko wilayani Korogwe, zilime mkonge wao na kuupeleka kwenye korona ya kampuni. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa manamba akawa na mkonge wa jina lake. Lakini ukisoma kwa jicho la saa, hesabu haikuhama sana. Mkulima amekata, matita yamepangwa barabarani, trekta halijaja. Likija, korona imezimwa kwa kukosa kipuri, au maji hayatoshi, kwa sababu korona inakunywa maji kama mgonjwa wa homa. Yakisagwa, singa zinapangwa madaraja, hizi 3L, hizi UG, na tofauti ya daraja ni tofauti ya ada ya shule. Aliyekata hakuwapo wakati wa kupanga. Anaambiwa tu.

Ndiyo maana kelele za wakulima wa Korogwe, zilizopanda hadi serikali kuu kuingilia kati, hazikuwa kelele za ardhi tu, ingawa ardhi imo. Zilikuwa kelele za nani anapima. Tangu mwanzoni mwa muongo huu, vyama vyao vya ushirika, AMCOS, vimekuwa vikiuza singa kwa mnada chini ya macho ya Bodi ya Mkonge, na mnada una faida moja kubwa: unafanyika baada ya saa kusimama. Singa iliyokauka na kufungwa robota inaweza kungoja. Haiozi. Mkulima aliyefika hapo na mali bado ni yake anaweza kusema bei hii sitaki. Jani lililokatwa halina uwezo wa kusema hivyo.

Serikali ilijiwekea lengo la tani 120,000 ifikapo 2025. Miche imegawiwa kwa wingi, wilaya zisizokuwa na historia ya mkonge nazo zimepanda, na nimeona kwa macho yangu vijana wa Handeni wakijivunia ekari zao. Pamoja na hayo yote, uzalishaji wa miaka ya karibuni haujafika hata theluthi moja ya ule wa 1964. Nina wasiwasi na kitu kingine kabisa. Mkonge unachukua kama miaka mitatu kabla ya mkato wa kwanza. Ile miche ikishapevuka yote kwa pamoja, majani yatasagwa wapi? Kijana mwenye ekari tano zilizoko kilomita 40 kutoka korona ya karibu amepanda foleni. Na mmea wenyewe haungoji milele. Unatoa mlingoti wake mrefu juu, unachanua, unakufa.

Wapo wanaosema suluhisho ni mashine ndogo, za kusogezwa shamba kwa shamba. Nakubali, kwa sharti. Brazil, ambayo ndiyo inayoongoza duniani kwa mkonge sasa, wakulima wadogo wa Bahia wamesaga kwa mashine ndogo kwa miaka mingi, na ni jambo linalojulikana kwamba mashine hizo zimekata vidole na mikono ya watu wengi wanaozilisha majani kwa mkono. Tukiiga mashine bila kuiga onyo tutakuwa tumehamisha umaskini kutoka mfukoni kwenda kiganjani. Zinahitajika mashine ndogo zenye kinga, za chama na si za mtu, na fundi anayekaa kijijini.

Halafu kuna lile jambo la taka. Katika jani zima, nyuzi hazizidi asilimia 5 au hapo karibu. Zilizobaki ni maji na makapi yanayomwagwa nyuma ya korona. Hale walishajenga mtambo wa kutengeneza biogesi na umeme kutokana na makapi hayo, tangu miaka ya 2000. Utafiti hatuukosi pia, Mlingano pale Muheza wameutafiti mkonge tangu miaka ya 1930, na chotara namba 11648, mbegu iliyozaliwa kwenye milima hii ya Amani, ndiyo inayojaza mashamba ya mkonge ya China leo. Hata mbegu imeondoka. "Tanga, waja leo waondoka leo," wenyeji tunamwambia mgeni kwa utani tukijua hataondoka. Mazao yetu ndiyo yaliyouchukua msemo huo bila utani.

Chai inafundisha somo hilohilo kwa ukali zaidi, kwa sababu saa yake ni fupi zaidi. Majani mabichi ya chai yaliyochumwa asubuhi yakilala bila kufika kiwandani yamekwisha. Mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde, Bumbuli, kilifungwa katika mgogoro wa nani mwenye haki nacho, na kikakaa kimya kwa miaka. Mashamba hayakuugua. Mvua haikukoma. Wakulima walikuwa na chai nzuri ileile ya mlima uleule, na ghafla haikuwa na thamani hata ya kibaba cha unga, kwa sababu mlango mmoja ulikuwa na kufuli. Wengine waliiacha ikarefuka ikawa miti. Kiwanda kimekuja kufufuliwa, na mimi si wa kubeza ufufuo. Lakini bonde zima kutegemea mlango mmoja ni jambo ambalo halikubadilika siku mlango ulipofunguliwa.

Sasa twende Muheza, kwenye machungwa, ambako mambo ni ya ajabu kidogo. Chungwa lina subira. Likikomaa juu ya mti laweza kukaa wiki kadhaa, hasa valensia, bila kuanguka. Kwa hesabu ya saa, mkulima wa machungwa alitakiwa awe mfalme ukilinganisha na mwenye mkonge au chai. Mbona si mfalme?

Kwa sababu saa inayomkimbiza haipo kwenye mti, ipo nyumbani. Dalali anapita michungwa ikiwa bado maua. Anatembea mstari kwa mstari, anakadiria, anakaa chini ya mti na mwenye shamba.

"Mzee, mimi nakupa leo. Watoto wanafungua shule keshokutwa."

"Bado ni maua haya, mwanangu. Sijui yatashika mangapi."

"Ndiyo maana nakusaidia. Yasiposhika hasara yangu."

Na kweli ni hasara yake, tusimsingizie. Dalali ananunua hatari: ukame, upepo, na nzi wa matunda, yule aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2003 akitokea Asia na tangu hapo hajaondoka. Baba yangu mdogo aliuza maua namna hii misimu mitatu mfululizo. Mwaka wa tatu mizigo ilipopakiwa kwenda Mombasa alihesabu malori kwa vidole, akaniambia neno moja tu, "Hayo matatu ni yangu," akaingia ndani kula. Hakumlaani dalali. Fedha aliipokea kwa mikono miwili, mtoto akaenda shule, na hilo ndilo lililokuwa shida ya siku ile.

Kwa hiyo ninapoona mapendekezo kwamba Muheza wanahitaji elimu ya ujasiriamali, natabasamu. Baba mdogo anajua bei ya chungwa Kongowea, sokoni Mombasa, kuliko mimi. Alichokosa ni fedha ya Januari isiyomdai shamba lake. Mkopo mdogo wa ada, unaolipwa wakati wa mavuno, wa chama au wa benki, ungembadilishia bei kuliko semina kumi na fulana zake.

Kuna jambo la sera hapa ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Nchi hii imewekeza akili nyingi kwenye stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 ikaanza kutumika kwenye korosho za Mtwara. Ina matatizo yake, ila msingi wake ni sahihi: weka mali ghalani, pewa karatasi, ngoja mnada. Ikaenda kwenye ufuta, ikaenda kwenye mbaazi. Yote hayo ni mazao yenye subira, makavu, yanayokubali gunia. Ghala la korosho ni kuta nne, paa na mlinzi. Ghala la chungwa ni umeme, ubaridi na mtu anayejua joto linatakiwa liwe ngapi. Tumetunga sera ya ushirika kwa kuitazama korosho, kisha tukashangaa mbona Tanga haikai sawa ndani yake, kama mtu aliyeshonewa kanzu kwa kipimo cha kaka yake.

Lushoto ndiyo kanzu isiyokaa kabisa. Kabichi, karoti, hoho, pichesi, plamu, matofaa: hakuna hata kimoja kinachokubali gunia zaidi ya siku chache, na hoho haikubali hata hizo. Jioni pale Lukozi au Malindi utakuta malori yanajazwa haraka ili kabla ya alfajiri yawe Dar es Salaam, Ilala au Mabibo. Anayejaza ndiye anayeamua gunia ni nini. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa na sheria ya vipimo, viongozi wanaikemea kila mwaka, na kila mwaka gunia la viazi linaota kichwa juu ya shingo yake. Nani atabishana saa kumi na mbili jioni, ukungu umeshuka, na lori lingine hakuna? Mkaguzi wa vipimo angekuwepo saa hiyo na mizani yake lumbesa ingekufa wiki moja. Ila yeye hutoka kazini saa tisa na nusu.

Nikiwatazama Wasambaa nawaonea huruma ya namna moja hivi. Kila serikali imekwenda kuwafundisha kulima. Mwaka 1946 Mwingereza alianza mradi wake wa Mlalo, akawalazimisha kuchimba matuta, watu wakakataa mpaka mambo yote yakaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 Wajerumani wakaja na SECAP kuzuia mmomonyoko, kwa heshima zaidi na kwa mafanikio zaidi, majani ya malisho kwenye kingo, miti, ng'ombe zizini. Kazi nzuri. Wote wanaoujua mlima ule watakuambia udongo wake ulihitaji kuokolewa. Ila miradi yote hiyo iliishia kwenye kingo za shamba. Aliyekuja kuwafundisha Wasambaa lolote kuhusu kipande cha barabara baina ya Soni na Mombo ni dalali peke yake.

Nimelalamika vya kutosha, niseme kilichofanikiwa. Maziwa.

Katika mazao yote ya Tanga maziwa ndiyo yenye saa mbaya kuliko yote. Yakikamuliwa saa kumi na moja alfajiri, saa nne jua limewaka, mchana yameganda. Kwa hoja yangu, mfugaji ndiye aliyetakiwa awe mnyonge wa mwisho. Na bado mfugaji mdogo wa Tanga, mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, ana miaka thelathini sasa akilipwa kwa lita, kwa kipimo anachokiona, na nimemsikia akinuna bei ila sijamsikia akisema hajui bei ilitoka wapi.

Ilianza katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Waholanzi, kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani. Mwaka 1993 vyama vya wafugaji vikaungana katika TDCU, na mwaka 1997 ikazaliwa kampuni ya kusindika maziwa ya Tanga Fresh, ambayo ushirika huo wa wafugaji ulikuwa na hisa ndani yake. Wengi husifu ng'ombe wa Kiholanzi na maziwa yao mengi. Kwangu shujaa ni tangi. Kituo cha kukusanyia kiko umbali wa baiskeli, kuna laktomita ya kupima kama umetia maji, kuna kipimo cha uchachu, na maziwa yakishaingia kwenye tangi la kupoozea saa inasimama. Yana siku nzima nyingine ya kuishi. Na aliyeisimamisha ni chama cha mfugaji mwenyewe, kwa hiyo mnunuzi anakuja kuzungumza na mtu asiye na jasho usoni.

Sisemi ushirika ni dawa. Huku Tanga tumezika vyama vingi, vingine na matanga yao. Ushirika unaogawa mbolea tu na kuitisha mikutano utaibiwa na mwenyekiti wake. Ule wa maziwa ulidumu kwa sababu ulishika kifaa kimoja mahali pamoja, mahali pale ambapo mali huharibika, na kila mwanachama alipita pale kila siku na ndoo yake. Ni vigumu kuiba kitu kinachotazamwa kila asubuhi na wanawake mia moja.

Mapungufu yapo. Kiwanda kikubwa kimoja maana yake ni mlango mmoja tena, kama Mponde; kikipiga chafya kwa siku mbili vituo vyote vinaugua. Walioko mbali na tangi wanauza kwa wachuuzi wa pikipiki. Na kuna maziwa ya jioni, ambayo nitayarudia.

Handeni na Kilindi sina mengi ya kusema, na si kwa dharau. Mahindi yana subira kuliko mtu, yanaweza kukaa kihengeni mwaka, lakini yanauzwa Julai kwa bei ya kutupa na kununuliwa tena Februari na mtu yuleyule kwa bei ya kumtoa machozi. Ni kisa cha machungwa kilichovaa nguo nyingine: saa ipo nyumbani.

Watu wataniuliza, mbona husemi bandari? Nasema. Bandari ya Tanga imeboreshwa kwa shilingi bilioni 429.1, gati la mita 450, kina kimechimbwa mpaka mita 13. Zamani meli kubwa ilitia nanga mbali huko, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukavutwa mpaka gatini, siku zinakwenda na mwenye meli anahesabu dola. Sasa inafunga gatini moja kwa moja. Mimi ni mtoto wa mji huu na nilifurahi kuona meli imesimama karibu vile hata unaweza kusoma jina lake ukiwa Raskazone bila miwani. Lakini tuelewane nini kimenunuliwa. Bandari imesimamisha saa ya mwenye meli. Ya mkulima wa Lukozi inaendelea kutembea.

Na bomba la mafuta ndilo linalonichekesha zaidi, kicheko cha kukosa la kufanya. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani. Mafuta ya kule ni mazito yenye nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba zima limebuniwa liwe linapashwa joto njia nzima. Kuna watu walikaa mezani wakajiuliza: mali hii ikiwa njiani itaharibikaje, na tutaizuiaje isiharibike mpaka ifike baharini? Wakatafuta jibu, wakatafuta fedha, jibu likachimbiwa ardhini, na linapita katika wilaya zetu hizihizi. Chungwa la Muheza, ambalo shida yake ni joto badala ya baridi, na safari yake haifiki hata robo ya ile ya mafuta, halijapata meza ya namna hiyo.

Wala si lazima kusubiri mabilioni. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula tangu mabadiliko ya mwaka 2017. Unakusanywa getini, zao likiwa linatoka. Fikiria maana yake: halmashauri inapata fedha kila zao linapoondoka likiwa bichi, na kila lori linalopita getini ni habari njema kwenye kitabu cha mapato. Hakuna kitu kwenye kitabu hicho kinachomlipa mkurugenzi kwa lori lililochelewa kuondoka kwa sababu mali yake imepozwa, imepangwa na inangoja bei. Ningependa kuona wilaya moja, moja tu, mathalani Muheza au Lushoto, ikitenga sehemu ya ushuru huo kwa miaka mitano mfululizo kwa ajili ya vyumba baridi na mizani vinavyomilikiwa na AMCOS, na mkaguzi wa vipimo anayeanza kazi saa kumi jioni. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo imekwenda mno kwenye bodaboda. Mashine ndogo ya kusaga mkonge yenye kinga, au tangi la pili la kupoozea maziwa, havina mwendo wa kupendeza barabarani, lakini ndivyo vinavyosimamisha saa.

Nikasema nitarudi kwenye maziwa ya jioni. Vituo vingi hupokea ya asubuhi tu. Ng'ombe hajui utaratibu huo, anakamuliwa mara mbili. Jirani yangu mmoja wa Pongwe hutoa lita tano hivi kila jioni. Mbili wanakunywa watoto, moja anampa ndama, na mbili anaziweka kwenye sufuria anagandisha mtindi, anauza kwa vikombe mlangoni pake kabla ya isha. Nilimuuliza kwa nini asinunue jokofu dogo ayatunze mpaka asubuhi ayapeleke kituoni. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto.

"Mtindi wangu, mwanangu, bei naipanga mimi."